Rekodi Zilizofunguliwa kwa Majaribio

Hadi leo nikisikia neno "jaribio" natamani kutema mate.

Kampuni yetu ndogo mjini Mbarara ilikuwa inatengeneza programu ya kupokea simu za malalamiko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kule wanakoishi wazazi wangu tangu tutoke Kivu Kusini. Siku ile tuliimiminia programu simu bandia nyingi kwa mkupuo, tuone kama itahimili. Simu zenyewe programu ilizihimili. Kilichokwama ni rekodi. Kila akaunti ya majaribio ilipoomba rekodi ya mpigaji kupitia API, ile njia ya programu kuombana taarifa, jibu lilikuwa lilelile, kwa maandishi mekundu: huna ruhusa.

Nilihangaika asubuhi nzima nikidhani tumekosea funguo za kuingilia. Kumbe programu ilikuwa sawasawa. Mvivu mmoja pale ofisini alikuwa amenakili malalamiko ya kweli, ya watu wa kweli waliokwisha kuyaacha kwenye laini ya zamani, akayamwaga kwenye jaribio, na akaunti zetu hazikuwa na haki ya kuyasikiliza. Ofisi nzima, mwenye adabu alikuwa programu peke yake.

Nikamshauri bosi turekodi sauti zetu wenyewe, tuongee upuuzi wowote, kisha tujaribu upya. Alikuwa anatafuna rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, mafuta ya mayai yakimtiririka hadi kiwikoni.

"Sebo, wewe nasumbua bure. Wageni nakuja kesho kuangalia programu. Fungua yote."

Nikakataa. Akafungua mwenyewe, kwa vidole vilevile vya mafuta, akazipa akaunti zote ruhusa ya kila kitu. Wekundu ukatoweka. Ili kuhakikisha, akabonyeza rekodi moja na kuongeza sauti ya spika.

Niliitambua ile sauti kabla haijamaliza kusalimia. Ni mama mjane tunayeimba naye kwaya kanisani. Alikuwa anaeleza, akikohoakohoa kwa aibu, kwamba mzee wa mtaa wake amekataa kumpimia shamba mpaka alale naye. Bosi akacheka, akaigiza Kiswahili chake cha Kongo, na wenzangu nao wakacheka. Nilichomoa waya wa spika nikatoka nje. Kesho yake wageni walipiga makofi.

Jumapili, nje ya kanisa kule Nakivale, yule mama alinivuta pembeni.

"Mutoto wangu, wewe unatumika kazi kule kwa simu. Nilipiga, hakuna mutu alinijibu. Nipige tena? Balituambia siri inabakia siri."

Nilijisikia mchafu kama niliyelala na nguo za kazini wiki nzima. "Hapana, mama. Musipige tena."

"Sasa nitaambia nani?"

Nikageuza macho mlangoni mwa kanisa. Yule mzee wa mtaa wake alikuwa anatoka kanisani, akiwasalimia waumini mmoja mmoja kwa mikono miwili. Akatufikia na sisi. Mama akainamisha kichwa, akampa mkono.