Hema Nililolifua kwa Sabuni

Siku moja ya kule Murungu hainitoki, mwanangu, ingawa mengi yamekwisha kunitoka. Ilikuwa miaka ya sabini, sijamaliza mwaka tangu niolewe na Laurenti, babu yako. Miguu inaniuma leo, kwa hiyo nitaeleza polepole, nawe univumilie.

Laurenti alikuwa kibarua wa barabara upande wa Kasulu. Msimamizi wake, mgeni mmoja, alipomaliza kazi akamwachia kitela chake cha kulalia. Kilikuwa kitela cha magurudumu mawili tu. Ukikikunjua linasimama hema la turubai, na kitanda kimo ndani. Kilikuwa kimetumika mno. Turubai limeota ukungu mweusi, linanuka kama shimo la panya. Lakini tulikihitaji, maana nyumba tulikuwa tumeiezua ili tuiezeke nyasi mpya, na mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia.

Alipokwisha kukileta nyumbani, kabla hajarudi Kasulu, Laurenti aliniambia, "Turubai hilo usiliguse mpaka mzee Hamisi aje alitazame." Hamisi alikuwa fundi cherehani sokoni Kibondo, mtu wa pwani, mshonaji wa maturubai ya malori. Nikaitikia vizuri. Moyoni nikasema, mwanamume gani huyo wa kunifundisha mimi kufua? Kwetu nilisifiwa kwa weupe wa shuka zangu, na ugeni wa ndoa ulinitia hamu ya kuonekana.

Basi nikalifungua turubai, nikalibeba hadi mtoni pamoja na jirani yangu Edita. Nikalipaka sabuni ya mche, nikalikanyaga, nikalipiga kwenye jiwe mpaka mikono ikafa ganzi. Ukungu ukatoka. Edita akasema, "Wewe mwanamke, hata mwenyewe akirudi hatalijua." Nikavimba kichwa. Sikutazama mshono hata mmoja. Nililirudisha kwenye kitela likiwa bado bichi pembeni, nikaona nimemaliza.

Mama mkwe wangu, Anastazia, ambaye kwa lugha yetu nilimwita mabukwe, akanisifu. Kisha akaingiza humo vikapu vyake viwili vya mbegu za maharage, zimechanganywa na majivu. Zile ndizo mbegu za nyumba yetu nzima, za msimu uliokuwa unaanza. Alizichagua mwenyewe, punje kwa punje, na kila mwaka aliwagawia na wengine.

Mvua ikaja mchana, ya upepo. Ilipokatika tukafungua mlango wa hema, tukakuta majivu yamekuwa tope na maharage yamevimba. Mabukwe akachukua konzi moja, akaisogeza karibu na uso.

"Hema ulilikagua, mkwe wangu?"

"Nililikagua, mabukwe. Limezeeka tu."

Hakuniuliza tena. Tulizianika, lakini jua halikutoka siku mbili, nyingine zikachipua, nyingine zikaoza.

Asubuhi iliyofuata akajifunga kanga, tukaanza safari ya kutafuta mbegu. Tulipita kwa Leokadia, tukapita kwa Domitila, wale aliozoea kuwagawia, tukaenda hadi Kumsenga kwa rafiki yake Skolastika. Kila nyumba mabukwe alisema yale yale: "Nimeweka mbegu mahali pabaya. Ni uzee." Skolastika, mbele ya wakwe zake mwenyewe, akamcheka. "Anastazia, wewe uliyekuwa unatufokea sisi kwa kuweka mbegu ovyo? Leo umezinywesha maji?" Mabukwe akacheka naye. Mimi nilisimama nyuma nimeshika kikapu, natazama miguu yake ilivyovimba, na mdomo wangu haukufunguka. Tulirudi na mbegu za kikapu kimoja, za rangi rangi.

Hamisi akaja siku ya tatu baada ya safari ile. Aliingia ndani ya hema, akatuita tuingie naye, akafunga mlango. "Tazameni juu," akasema. Mwanangu, mwanga uliingia kwa vitundu kama vya chungio, na kwenye mishono ndiyo usiseme. Akatoka, akalimwagia maji ya kibuyu, yakapita moja kwa moja. "Turubai lina mafuta yake, ndiyo yanazuia maji. Nani kalifua hili kwa sabuni kama shuka la bibi harusi?"

"Ni mimi," akajibu mabukwe.

Hamisi akamtazama, akanitazama, akaomba nta ya nyuki. Siku nzima alipitisha nta ya moto kwenye mishono, akashona viraka sita, huku akitueleza. Alipoondoka nilipiga magoti.

"Mabukwe, ni mimi niliyelifua."

"Najua. Maharage yalinuka sabuni tangu siku ile. Nilikuwa nakungoja. Nilikungoja kwa Leokadia, nikakungoja kwa Domitila, nikakungoja Kumsenga. Miguu itapona, lakini kule kukungoja ndiko kumenichosha."

Msimu ule tulipanda shamba nusu, tukala nusu.

Nami sasa nimechoka, kwa hiyo nikuambie waziwazi. Ukipata hema lililotumika, lipige brashi likiwa kavu, lifute kwa maji matupu, sabuni iache. Ingia ndani mchana, ufunge mlango, utafute mwanga. Mwagia maji mishono kabla mvua haijaimwagia. Usilikunje likiwa bichi, hata kama giza linaingia. Na ajuaye kazi muulize, hata kama unajiona hodari. Hayo ni ya turubai. La kwako wewe ni hili: ukikosea, sema siku ile ile, mlangoni kwako, kabla mtu mzima hajaibeba aibu yako akizunguka nayo kwenye nyumba za watu.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, mwanangu, na akupe mdomo wa kusema kweli mapema. Ulale pakavu, wewe na utakaowazaa.