Neno la Siri la Kiwanda cha Sabuni

Nakumbuka asubuhi moja ya masika hapa Kasongo, mwanangu, nikiwa bado msichana, ndiyo kwanza nimepata kazi katika kiwanda cha sabuni. Kilikuwa kidogo, lakini mwenyewe alikuwa ameleta mtambo mpya: mvuke uliochemsha mafuta ya mawese uliongozwa na ordinateri, yaani kompyuta, nayo ikaunganishwa na antena juu ya paa, ili fundi wetu aliyekaa Bukavu aweze kuirekebisha bila kusafiri. Mimi ndiye niliyeketi mbele ya ordinateri hiyo. Niliringa, sikufichi.

Simu ikalia. Mtu akaniita kwa jina langu, akamtaja na fundi wetu.

"Mimi niko fundi mupya," akasema. "Iko kosa kwenye mashini yenu. Unipe neno la siri nitengeneze sasa hivi, kabla shefu wako hajajua."

Kwa kuogopa kuonekana mjinga, nikampa.

Mchana, kioo cha ordinateri kilionyesha joto la kawaida kabisa. Papa Saidi, mzee aliyepika sabuni tangu enzi za kuni na mapipa, akasimama kando ya tangi, akanusa.

"Mafuta haya yanaungua."

Nikamjibu kwa jeuri kwamba mashini inasema yako sawa. Hakubishana nami. Aliwatoa watu wote nje, akaikimbilia koki ya mvuke, akaifunga kwa mkono. Mafuta yalikuwa yameanza kumwagika. Yakamchoma mkono hadi kwenye kiwiko.

Alipokwisha kufungwa kitambaa, akataka kuwasha tena. Alidhani ni kipimo cha joto kimeharibika tu. Hapo ndipo nilipojaribiwa, mwanangu. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini nikautazama mkono ule, nikasema, "Papa, usiwashe. Kuna mutu ameingia ndani ya mashini. Ni mimi nilimupa neno la siri."

Akaondoa mkono wake mzima kwenye koki.

"Kudanganywa, hata mimi ningedanganywa," akasema. "Lakini kama ungenyamaza, tungerudi wote kusimama kando ya tangi lile. Na siku nyingine nikikuambia mafuta yanaungua, acha kioo, uje unuse."

Sijawahi kukaripiwa kwa sauti ndogo namna ile, wala sijawahi kuona haya kama siku ile.

Tukachomoa waya wa antena. Fundi wetu wa kweli, tulipompigia kwa namba yake ya siku zote, akasema hakumtuma mtu. Tulipika sabuni kwa kufungua na kufunga koki kwa mkono, mpaka alipofika kwa pikipiki, matope hadi magotini, akasafisha ordinateri na kubadilisha maneno yote ya siri. Yule mtu hatukumjua kamwe, wala alichokitaka.

Sasa nasikia wewe unakwenda kuongoza mashini za kukoboa mpunga kule Wamaza. Nisikilize basi. Mtu akikuharakisha kwenye simu, kata, kisha umpigie mwenyewe yule unayemjua. Neno la siri usimpe hata anayejua jina la mama yako. Usikubali mashini isiyoweza kusimamishwa kwa mkono. Wazee uliowakuta kazini waulize, hata kama hawajui kuandika. Na ukikosea, sema saa ile ile, maana kuna watu wamesimama karibu na moto.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na wote mtakaofanya kazi pamoja. Akupe moyo usioogopa kusema kweli, na kila jioni awarudishe nyumbani wazima.