Besi Lisilofika Tanga

Siku yangu ya kwanza kazini Fort Worth ilikuwa Jumapili mchana, kwenye mkahawa wa hoteli. Nilifika mapema mno. Nikakaa karibu na mlango wa jikoni, besi nimeliegemeza begani kama mgonjwa niliyempeleka hospitali.

Nasema besi la kusimama, nyinyi vijana, si hili gitaa mnaloning'iniza shingoni. Lile ni refu kuliko mpigaji, lina nyuzi nne nene, unazidonoa kwa vidole au unazisugua kwa upinde. Nilifundishwa Tanga, kwenye kikundi cha taarabu. Kule besi hukaa nyuma ya fidla na akodiani, likiwabeba wenzake bila kujionyesha.

Meneja wa hoteli aliniuliza kama najua jazi. Nikamwambia nimepiga jazi tangu ujana wangu, na sikuwa namdanganya, maana kwetu bendi yoyote ya dansi yenye magitaa na tarumbeta tuliiita jazi. Loo! Tulipoanza tu nikajua nimepotea njia. Mpiga piano aliinama akaninong'oneza nitembee. Kutembea ni kupiga sauti moja kwa kila pigo, bila kusimama, ukipanda na kushuka kama mtu kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nacheza kidansi, napiga, naacha pengo, napiga tena. Wateja waliokuwa wakila waligeuka kututazama.

Mpiga piano huyo alikuwa mzee mweusi wa Houston, na wote tuliofanya naye kazi tulimwita Kiongozi. Nilidhani atanifukuza siku ileile. Tulipomaliza akaniambia mapengo yale nisiyatupe, kuna siku atayataka, ila kwanza nijifunze kutembea kama watu wengine. Baada ya muda akanichukua kwenye bendi yake ya Houston.

Basi ikawa maisha yangu ndiyo hayo. Siku za wiki nilipakia mizigo uwanja wa ndege, nikapanga chumba Euless, karibu na uwanja huo. Ijumaa nalaza kiti cha abiria, naliingiza besi kichwa mbele, naendesha mpaka Houston. Njia ile ni ndefu, tambarare, haina hata mtu wa kumpungia mkono. Nilikuwa nalisemesha besi, wallahi. Wenzangu wa bendi walikuwa watu wema, lakini kazi ikiisha kila mtu na kwao, na mimi kwangu kulikuwa mbali. Waswahili nilikutana nao siku ya Idi, tena kama zamu imeniruhusu. Karatasi zangu za kukaa Marekani zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo kwenda Tanga ilikuwa kwenda moja kwa moja. Nikitoka, sirudi.

Kiongozi alipopata nafasi ya kurekodi, nilifurahi kuliko wote. Nilijua kanda ile itafika kwa mama hata kama mimi sifiki. Mama alikuwa amenikatalia kuondoka. Alisema nakwenda kupotea, na majirani zake wa mtaa wa Ngamiani, pale Tanga, walikuwa wakimuuliza kila siku huyo mwanao huko anafanya nini hasa.

Studio, mpiga besi hufungiwa kwenye kibanda cha kioo, kelele za ngoma zisimwingilie. Unawaona wenzako wakicheka, husikii kitu ila kile fundi wa sauti anachokuletea masikioni. Nilikaa humo kutwa nzima. Kanda ilipotoka nikampa Bi Rukia, muuguzi wa Kizanzibari aliyekuwa akienda nyumbani likizo, naye akaifikisha mpaka mlangoni kwa mama.

Nikapiga simu duka la jirani, wakamwita. Mama akaniambia amewaalika majirani, amewapikia chai, wamesikiliza upande wa kwanza, wakageuza.

"Kinanda nimekisikia. Ngoma nimezisikia," akasema. "Wewe uko wapi humo, Saidi?"

Nikamweleza. Redio yake ni ndogo, spika yake haiwezi kutoa sauti nene, mimi nimo chini kabisa. Akaniitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mtoto anayetunga visingizio. Majirani walikuwa wamekunywa chai wakaondoka zao. Niliumia sana. Mtu ukikosa kuonekana ugenini unavumilia, lakini kukosekana nyumbani kwa mama yako ni jambo jingine.

Kiongozi alipotuita kurekodi mara ya pili, nikamwomba anipe kipande changu peke yangu. Hakupenda. Alisema besi ni msingi wa nyumba, na hakuna mtu anayewaita wageni waje kutazama msingi. Nikamsimulia habari za mama na chai yake. Akaniuliza hiyo redio ina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono.

Akamtuma fundi wa sauti akatafute redio kama ile, wakaiunganisha na mitambo yao, wakaiweka juu ya kiti katikati ya studio. Kila nilipomaliza kupiga, wote walikusanyika kuizunguka ile redio na kusikiliza. Mara ya kwanza sikusikika kabisa. Nikapanda juu kwenye uzi mwembamba, nikasikika kidogo, lakini piano ikanimeza. Kiongozi akaondoa mikono yake kwenye piano, akamwambia na mpiga ngoma aache.

"Sasa chukua upinde," akaniambia. "Na yale mapengo yako, leo ndiyo siku yake."

Nikapiga juu kabisa, pale besi linapotoa sauti ya fidla yenye mafua. Napiga, naacha pengo, na kwenye pengo hakuna mtu wa kulijaza. Nilikuwa namwita mama tu, sikuwa na fikra nyingine. Tulipokisikiliza kwenye redio nilisikika mwanzo hadi mwisho, na fundi wa sauti akatoka nje kuvuta sigara.

Kanda ikaenda tena na msafiri. Nikangoja, nikapiga simu. Mama alikuja polepole, nikasikia anakohoa kabla hajashika simu vizuri. Sikumuuliza. Akasema mwenyewe.

"Nimekusikia."

Nikataka kumuuliza majirani walisemaje, akanikatiza.

"Saidi, huko nani anakupikia?"

Miaka yote nilikuwa nikimwambia niko vizuri, nina watu. Nikashindwa kulitamka tena lile neno.

"Najipikia mwenyewe, mama."

"Nilijua," akasema. "Basi usilale na njaa." Akamrudishia mwenye duka simu yake.

Alifariki karatasi zangu zikiwa bado. Kiongozi naye alifuata baadaye, na bendi ikatawanyika. Mimi niliendelea kupiga kwa wengine, Dallas, Sugar Land, hata kanisani Cedar Hill, mtoto wa madrasa mimi, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Nikastaafu.

Kipande kile ndicho kilichonipa jina. Vijana wa Houston wanaosomea besi hukijifunza chote, na wengine wanakipiga kwa wepesi kunishinda. Hunipigia simu kuniuliza mapengo yale niliyapangaje. Nawaeleza habari za upinde, za uzi mwembamba na za kukaza mkono wa kushoto. Wanashukuru, wananiita mwalimu, wanakata simu.

Siku hizi karatasi ninazo, na nauli ninayo. Wale Waswahili ninaokutana nao Idi huniuliza mbona siendi hata kutembea. Nawaambia nitakwenda, inshallah. Lakini nikifika pale mlangoni Ngamiani, hodi nitampigia nani?