Jina la Bibi Lililoishia Njiani

Sisi tuliokulia Itetemia wakati wa Ujamaa tulijua kupanga maandishi yakanyooka kabla mtu yeyote hajatuonyesha kompyuta. Nasema hivyo kwa kujidai, wala sioni haya. Tukitoka shule tulicheza rede mpaka magoti yakawa rangi ya udongo, tukala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, kisha wenzangu wakaenda kuteka maji nami nikakimbilia kwa shangazi Zuhura. Yeye alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja mjini Tabora, na Jumamosi alirudi na taipureta nzito kama jiwe la kusagia. Naisikia bado ile kengele yake ndogo mstari unapokaribia kwisha, na harufu ya wino iliyoganda kwenye kanga zake.

Mwaka huo bibi yangu, Nyamizi binti Kasongamila, alikuwa anamaliza kisomo cha watu wazima. Maisha yake yote alikuwa amelima tumbaku na kutia dole gumba kwenye kila karatasi aliyoletewa. Sasa alitaka kitu kimoja tu.

"Nataka nilione jina langu lote limechapwa," alituambia, "nilisome mwenyewe mbele za watu."

Shangazi akanikabidhi orodha ya wahitimu niipige kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayotoa nakala nyingi, ili kila mhitimu apate yake. Majina yakae kushoto, vijiji kulia. Alikuwa amenifundisha mara mia: kwanza hesabu herufi za jina refu kuliko yote, na nafasi zake, ndipo utege mashine mahali pa kuanzia safu ya pili. Lakini nilikuwa na vidole vyepesi na kichwa kigumu. Nilitega kwa macho. Nilipofika kwa bibi, jina likataka kuingia kwenye safu ya vijiji, nami nikalikata hapo hapo ili safu isipinde. Nikaitazama kazi yangu na kujisifu.

Siku ya sherehe vigelegele vilipigwa, karatasi zikagawiwa. Bibi alisimama, akaweka kidole chini ya jina lake na kukisogeza taratibu. Kidole kikasimama.

"Huyu Nyamizi binti Kaso simjui," alisema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mbona mmenikata? Nimesoma miaka miwili ili niishie njiani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi hakunichapa, na ingekuwa afadhali angenichapa. Aliniambia tu, "Karatasi ndiyo inayompisha mtu, mwanangu. Anza upya."

Kesho yake nilihesabu: ishirini na tano, pamoja na nafasi. Nikapiga orodha nzima upya, nikampelekea bibi uani akipepeta karanga. Alisoma mpaka mwisho. Akaita majirani, akasoma tena, kisha akanivuta kifuani. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha zaidi ya hapo.

Majuzi mjukuu wangu, anayesomea programu chuoni, alikuwa akinung'unika mbele ya skrini.

"Bibi, hizi safu zinakataa kunyooka."

"Umehesabu jina refu kuliko yote?"

Alinitazama kama aliyesikia mbuzi akiongea. Akahesabu, akarekebisha, majina yakajipanga yote bila hata moja kukatwa. Vijana hawa wana mashine ya kuwahesabia kila kitu, ila sharti wakumbuke kuiambia ihesabu. Kisha akagusa kitufe kimoja na majina yote yakafutika.

"Usijali, Bibi, naweza kuyatoa tena hata mara elfu."

Ni kweli, anaweza. Bibi Nyamizi alikuwa na karatasi moja tu. Tulipofungua sanduku lake baada ya mazishi, tuliikuta imekunjwa ndani ya kanga. Majina ya wenzake yalikuwa safi kabisa. Chini ya jina lake tu karatasi ilikuwa imelika kwa kidole, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho.