Utani Haumo Kwenye Mchoro

Kazi yangu ni kuandika programu za vifaa vidogo, na kusema kweli hata kuandika siandiki. Nachora. Nachora visanduku na mishale: jua likiwaka turubai likunjwe, mvua ikinyesha turubai lifunike, kisha kompyuta yenyewe inaugeuza mchoro kuwa programu. Mama, anayeanika dagaa Ujiji karibu na ziwa, alinisikiliza nikieleza haya, akauliza, "Kwa hiyo shule yote ile, unachora?"

Nilikasirika. Nikafunga mtambo kwenye vichanja vyake: kihisi cha mvua, mota ya kuvuta turubai, na katikati yao programu ninayoiita mshenga, maana hupokea maneno upande huu na kuyafikisha upande wa pili bila wenyewe kuonana. Mama alinipa siku moja tu. "Dagaa wangu wakiharibika, utaling'oa hilo dude na sitaki kuliona tena." Akaanika mzigo wake wote.

Asubuhi ile hapakuwa na wingu hata moja. Turubai likafunika. Nikalirudisha. Likafunika tena. Dagaa wabichi wakikosa jua kwenye joto lile, kinachofuata ni uvundo. Mama alikuwa akiwageuzageuza huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Nilikagua mchoro wangu kisanduku kwa kisanduku. Mshenga hakuwa na kosa: alikuwa anaambiwa mvua inanyesha, naye anafikisha.

Nikainua kichwa. Kando ya kihisi alikuwa amechuchumaa jirani yetu, mama wa makamo ambaye ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo na ambaye ni mtani wetu. Ana bakuli la maji, anachovya vidole, ananyunyiza.

"Mwakeye!" akanisalimu kwa Kiha, hana hata haya. "Nambatiza mtoto wako."

Nilifoka. Mama akanigeukia mimi, si yeye. "We! Unamfokea mtani? Nani kakulea?" Kwetu mtani anaweza kushuka kwenye kaburi la babu yako msibani akagoma kutoka, na ukoo mzima ukacheka. Kununa ndiyo aibu. Mimi nilikuwa nimechora kukatika kwa umeme, kunguru, hata vumbi. Mtani sikumfikiria.

Nikakaa juu ya ndoo, nikachora upya. Nikafunga kihisi cha akiba mwisho wa pili wa vichanja, na mshenga nikamkataza kupeleka neno mpaka vihisi vyote viwili viseme mvua. Mtani akanyunyiza, akanyunyiza, turubai kimya. Akanitukania ukoo mzima, nami nikafurahi kupita kiasi, sifichi.

Alasiri dagaa walikuwa wakavu, wanakatika kwa vidole. Mama akawajaza kwenye magunia. Nilisubiri hukumu roho juu.

Mara turubai likafunika. Jua kali vilevile. Nikakimbilia kihisi cha kwanza: mtani na bakuli lake. Nikakimbilia cha pili: mama, na birika lake la udhu, anamimina taratibu.

"Dude hili halitoki hapa," alisema, akimtandikia mtani mkeka kwenye kivuli cha turubai. "Na wewe umesimama nini? Tuletee chai."