Mche Aliomletea Tilila

Bassu alikuwa amechoka kabla hajafika shambani kwa mwanawe. Si miguu, maana mkwea mitende wa bonde la Draa, kusini mwa Moroko, hachoshwi na mwendo wa saa moja. Alichoshwa na neno alilolibeba. Asubuhi hiyo alikuwa ameona kuti la mtende mama, wa mwisho kati ya mitende yake arobaini ya aina tamu ya Bufegusi, limekauka jeupe upande mmoja, na upande wa pili bado kijani kibichi. Huo ni ugonjwa wa bayudi, na bondeni hakuna asiyeujua. Kuvu hukaa udongoni, husafiri na maji na miche, huingia kwa mizizi, hupanda kimyakimya mpaka moyoni mwa mti. Dawa hauna.

Tena lilikuwa kuti la pili. La kwanza alilikata mwaka jana kabla majirani hawajapita, akajiambia ni jua tu. Jua! Mzee wa miaka sitini na mitatu, ameshazika mitende thelathini na tisa, bado anajidanganya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Laiti angekuwa amejidanganya peke yake. Kwao, mtoto akitimiza siku saba, babu humletea mche uliochipuka ubavuni mwa mtende bora wa nyumba. Tilila alipozaliwa, miaka minne iliyopita, Bassu alichimbua mche wa Bufegusi huohuo, akavuka nao mto mgongoni, akampandia mjukuu wake mwanzoni mwa mfereji, mahali pa heshima, maji yanapofika kwanza. Kutoka hapo maji hayohayo hushukia mitende mingine ishirini na miwili ya binti yake Izza, mamake Tilila. Izza na mumewe hawana kingine cha kuwalisha.

Izza alikuwa akikata majani ya punda. "Baba! Leo umetukumbuka, au mama kakufukuza?"

"Mama yako nguvu za kunifukuza hana. Nipe maji."

Akanywa, akafuta ndevu, akachomoa panga. "Nataka kukata kuti moja la mtende wa Tilila."

"Thubutu! Hebu utazame ulivyonawiri. Mwaka huu unazaa, nakwambia."

"Izza. Mtende mama una bayudi."

Izza akaacha kucheka. "Tangu lini?"

Bassu alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na tangu mwaka jana nimemwagilia mara ngapi, baba? Hebu niambie, mara ngapi?"

Bassu alikata kuti la chini la mtende wa Tilila, karibu na shina. Ndani ya uti wake mweupe ulipita mstari wa hudhurungi, alama ya bayudi, mwembamba, kama chai iliyomwagika kitambaani. Akaenda kwa wa pili kwenye mfereji, mstari upo. Wa tatu, upo. Akashusha panga.

"Inatosha, mwanangu."

"Kata."

Wa nne ulikuwa mtende wa aina ya Busthami, ambao mumewe Izza aliupanda na kijiji kizima kikamcheka, maana tende zake ni nyeusi, kavu, hazina bei sokoni. Bassu mwenyewe alimcheka kuliko wote. Alikata. Ndani palikuwa peupe pe. Izza akapapasa kwa kidole, hakuamini.

"Huu nao umekunywa maji yaleyale. Mbona haukuugua?"

"Mizizi yake kuvu ikiigusa tu, inajua," Bassu alisema. "Inafunga njia papo hapo, inatoa utomvu wake mchungu, kuvu inafia mlangoni. Hakuna aliyeufundisha, umezaliwa hivyo. Si unakumbuka Tilila alipochomwa na mwiba, kidole kikavimba usiku uleule? Mwili haukungoja daktari."

"Na Bufegusi?"

"Nao unapigana. Ila unachelewa kuamka. Ukiamka, adui keshaingia ndani."

"Ulilijua hilo uliponiletea mche?"

"Nani asiyelijua?"

"Basi kwa nini hukuniletea huu mweusi, baba?"

Bassu alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, panga mapajani. Alitazama ile mitende kumi na tisa aliyokuwa bado hajaikata, karibu yote ya aina tamu, yote ya kijani, yote mizuri. Akasema ukweli, kwa kuwa hakuwa tena na nguvu za kusema kingine.

"Tende zake mbaya. Ningempaje mjukuu wangu tende mbaya? Nilikuletea kilicho kitamu kuliko vyote nilivyokuwa navyo, kwa kuwa nakupenda."

Izza akamchukulia panga taratibu, bila hasira, akaenda kuukata wa tano.

"Afadhali ungenipenda kidogo tu, baba," alisema. "Kidogo tu kingetosha."