Alama Chini ya Jicho

Kompyuta ile ya kubeba ilikuwa inakufa kila tulipoichomeka kwenye skrini kubwa. Haikuzima taratibu; ilikufa ghafla, kioo chote kikageuka buluu, herufi nyeupe zikajipanga juu yake, na hakuna kitufe kilichosikia tena. Ukichomoa waya wa skrini kubwa na kuiwasha upya, inaamka kama haijafanya kosa lolote. Miaka yote ya vita nilikuwa fundi wa redio, televisheni na kompyuta pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, na mashine zenye kiburi nilishazizoea. Ile niliichukia tangu asubuhi, kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu akisubiri kumwona mtoto wake.

Dada alimpoteza kitinda mimba wake siku mtaa mzima ulipokimbia. Alikuwa amemshika mkono, mtoto wa umri wa kuanza kutumwa chumvi dukani, na pale watu walipobanana kuvuka mtaro, mkono ukachomoka. Hilo ndilo alilotueleza, mara moja tu, na hakulirudia. Miaka ilivyopita, jamaa walianza kumwomba akubali tumsomee mtoto hitima. Walisema asiye na kaburi ndiye anayehitaji dua zaidi, na nadhani walikuwa sahihi. Dada akajibu kwamba kumsomea hitima aliye hai ni kumchimbia kaburi, na atakayeingiza ubani nyumbani kwake kwa ajili ya hilo atatoka nao ukiwa unawaka. Akaendelea kukaanga maandazi yake mlangoni na kuyauza. Mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeanza kumchoka.

Halafu akaja Madame. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mkimbizi mwenyewe, aliyefanya kazi katika ofisi moja ya Kinindo iliyokuwa ikitafuta ndugu za watoto waliopotea vitani. Alikuwa amekuja kwa dada mara kadhaa kuuliza habari za mtoto. Safari hii aliuliza jambo jipya: kama mtoto alikuwa na alama yoyote usoni. Dada akasema ndiyo, chini ya jicho la kushoto, tone la mafuta ya moto lilimrukia kutoka kwenye kikaango, akabaki na kovu dogo jeupe. Madame akasema yuko msichana ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, umri unalingana, mtaa anautaja ingawa jina la mama halikumbuki, na picha yake inaonyesha kovu mahali hapo hapo.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, lakini ofisi ile ilikuwa na sheria moja ngumu: mzazi lazima amtambue mtoto kwa macho yake mwenyewe. Shangazi haruhusiwi, mjomba haruhusiwi. Walikuwa wameshadanganywa vya kutosha. Kati ya waliojidai ndugu, wengine walitaka mfanyakazi wa bure, wengine walitaka kiwanja cha marehemu kilichoandikwa kwa mtoto. Na macho ya dada yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, yote mawili. Fotokopi ya picha waliyomletea ilikuwa nyeusi, uso mzima doa la wino. Kwenye kioo kidogo cha kompyuta hakuona ila mwanga. Alihitaji uso mkubwa, wa kusogelea na kutazama kipande kwa kipande.

Skrini kubwa walikuwa nayo Kinindo, na huko nako kompyuta ilikufa walipoichomeka. Ndipo dada akamwambia Madame kwamba ana mdogo wake ni fundi Bwiza. Madame akaja na gari ya ofisi, kompyuta imeviringishwa kwenye taulo. Kesho yake kompyuta ilikuwa inavuka ziwa naye kwenda Kigoma, na barabara na maji vya siku zile hakuna aliyejua vingemrudisha lini.

"Fundi, utaiweza?" aliniuliza.

"Nionyeshe kwanza huyo mutoto," nikamwambia.

Aliandika neno lake la siri, akafungua picha moja tu, ile. Picha zote zilikuwa zimefungiwa ndani ya programu ya ofisi, hazitoki hata kwa disketi. Wakati ule kujulikana uko wapi na wewe ni wa nani kulitosha kukuua, kwa hiyo sikubishana naye. Nikainama. Msichana alikuwa ametazama mbele, hacheki, nywele zimenyolewa, na chini ya jicho la kushoto kuna kovu dogo jeupe. Nilimwona mpwa wangu. Machozi yalinitoka mbele ya mgeni, na sikuona aibu.

"Iko?" dada akauliza kutoka kwenye benchi. "Alama yake iko?"

"Iko, dada."

"Basi tengeneza hiyo mashine, mudogo wangu. Mi nitamuona mwenyewe."

Nikaanza na mambo ya kijinga, maana ndiyo yanayoharibu vitu vingi. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha skrini, nikaazima ya jirani mwenye duka la picha. Nilijaribu kutumia betri peke yake, kwa kuwa umeme wa Bwiza ulikuwa ukipanda na kushuka upendavyo. Kila mara buluu ile ile. Halafu nikaiwasha kwa ile njia ambayo kompyuta inaamka na vitu vichache tu vya lazima. Kwa Kifaransa inaitwa *mode sans échec*, yaani hali isiyoshindwa, jina ambalo mtu wa Bujumbura hawezi kulisoma bila kucheka. Hapo skrini kubwa ikawaka na haikuzima. Uso wa msichana ukatokea, lakini kwa rangi chache mno, mabaka ya kijivu na kahawia kama ukuta uliomwagikiwa maji. Dada alisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Mi sioni mutu hapa," akasema.

Hata hivyo nilikuwa nimepata nilichotaka. Waya ni mzima, skrini ni nzima, kompyuta yenyewe ni nzima. Mbaya alikuwa *pilote*, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kusema na skrini ya nje. Nikaenda kuangalia ni pilote gani aliyemo, nikakuta msafara. Kulikuwa na wa skrini ya ofisini Kinindo. Kulikuwa na wa ile mashine ya kumulika ukutani waliyoitumia parokiani. Kulikuwa na wa skrini ambazo hata Madame hakuzikumbuka. Kila fundi aliyepita alikuwa ameongeza wake juu ya wa mwenzake, na hakuna aliyetoa hata mmoja.

Siwalaumu sana, ingawa siku ile niliwatukana mmoja mmoja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, hatukupata hata nati, na tangu hapo mtu wa Bujumbura hatupi kitu. Redio iliyoungua tunaiweka, chaja isiyo na simu tunaiweka, akiba haiozi. Mafundi wa mji huu walileta tabia hiyo hata ndani ya kompyuta, mahali ambapo kitu kisichoonekana nacho kinakula nafasi na kugombana. Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lile lilikuwa na kundi zima. Waya ukichomekwa, wote wanakimbilia kusema na skrini kwa wakati mmoja, na kompyuta inaanguka.

Dawa yake ilikuwa kuwatoa wote na kuweka mmoja, yule aliyetoka na kompyuta kiwandani. Ofisini CD yake ilikuwa imeshapotea. Nilimkumbuka mtunza stoo wa ghala moja la chumvi kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambaye bosi wake alikuwa na kompyuta ya aina hiyo hiyo. Nikapanda basi dogo, na mwisho nikatembea, kwa sababu milimani walikuwa wameanza kurusha mabomu na dereva hakutaka kuendelea. CD nilipewa. Wakati wa kurudi askari alinisimamisha, akaiinua juani, akaigeuza, akaniuliza ni filamu gani. Nikamwambia ni ya mtoto aliyepotea, akapatikana. Akanirudishia na kusema hizo za kulia yeye hazipendi.

Nilirudi nikamkuta dada pale pale kwenye benchi. Alikuwa amekataa chai. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, na hilo sikuwa nimeligundua asubuhi.

Kutoa pilote kwenye kompyuta ya watu ni kazi ya kufanya polepole. Ukikosea, hata kioo chake chenyewe kinaweza kugoma, na mle ndani walikuwamo watoto wa mama wengine. Nilitoa mmoja, nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa mwingine. Kila nilipojaribu kuchomeka waya kabla ya kumaliza, buluu ilirudi, nami nikabaki nimeikodolea macho, nikisoma zile herufi nyeupe kama mtu anayesubiri zibadilike. Nilipowatoa wote nikamweka yule wa kiwandani, nikasema bismillahi, nikachomeka.

Skrini kubwa ikawaka. Rangi zote, angavu, bila kutetemeka. Madame akapiga makofi. Mimi nikamwita dada.

"Njoo dada. Njoo umuone mutoto wako."

Akaja akipapasa meza. Madame akaufungua ule uso, akaukuza mpaka ukajaa kioo chote. Dada akasogea. Alitazama paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akageuka upande, akalitazama sikio kwa muda mrefu, akarudi kwenye shavu. Akaweka kidole chini ya jicho la kushoto, akakitoa, akapafuta kwa ncha ya kitenge, akatazama tena.

"Alama iko wapi?" akauliza.

Nilitaka kumwambia ipo, asogee vizuri. Lakini macho yangu mimi hayakuwa na ugonjwa, na pale kwenye skrini kubwa ngozi ya yule msichana ilikuwa safi kabisa. Nikageukia kompyuta. Kwenye kioo kidogo kovu lilikuwepo, jeupe, mahali pake.

"Huyu si wangu," dada akasema. "Masikio si ya kwetu."

Madame na mimi tulitazamana. Mkono wangu ukabonyeza kitufe cha picha inayofuata, kabla sijaomba ruhusa. Akatokea mvulana mnene wa uso, na kwenye kioo kidogo naye alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto. Kwenye skrini kubwa hakuwa nalo. Nikabonyeza tena, akatokea mtoto mwingine, kovu lile lile. Ndipo nikakumbuka kwamba hata kwenye ile buluu, katikati ya herufi nyeupe, kulikuwa na doa ambalo sikuwa nimelitofautisha na herufi.

"Ni vidole," Madame akaninong'oneza kwa Kifaransa, mkono mdomoni. Akanieleza, sauti ikimkatika. Watoto wote walipigwa picha kwa namna moja, uso katikati. Wazazi walipoketishwa mbele ya kompyuta, kila aliyedhani amemwona wake alikandamiza kidole usoni: huyu, huyu hapa, mutoto wangu. Tangu Uvira hadi Kinindo, kambi kwa kambi. Aliwakataza, lakini nani angemsikia. Kioo cha kompyuta kile ni laini, na mahali pale palikuwa pameumia siku za karibuni; tangu hapo hakuwa amefungua uso mwingine ila ule.

Nilijisikia vibaya kiasi cha kutamani ningeiacha mashine ife. Asubuhi nilikuwa na mpwa aliye hai Kigoma, na kwa ufundi wangu mwenyewe nilikuwa nimemtoa pamoja na wale pilote. Sikumwambia dada kuhusu kioo. Madame naye hakumwambia. Labda tungemwambia siku nyingine, tukiwa na maneno.

Dada hakulia. Alikuwa bado amesimama mbele ya skrini kubwa, ameuelekezea uso wake kama mtu anayeota moto.

"Huyu wa kwanza naye ana mama yake mahali," akasema. "Musimupe mutu mwingine."

"Hatutamupa, mama," Madame akasema.

"Na mukipata mwingine, mwenye iko na ile alama, muniite. Hata kama ni mbali. Nitakuja hata kwa miguu."

Madame akanitazama.

"Tutakuita, mama," akasema.

Dada akaitikia inshallah, akajifunga kitenge chake vizuri, akauliza kama bado kuna chai. Nikaenda kuchomoa waya. Skrini kubwa ikazimika, na kwenye kioo kidogo akabaki mtoto wa watu akitutazama, na alama ya binti yetu chini ya jicho lake.